Nimemfungia Zuhura

Jumapili, Gatina

Na sheria niliiandika mimi mwenyewe: anayemtukana mwenzake mchezoni anafungiwa msimu mzima. Mimi ndiye admin wa ligi yetu ya game ya simu, kwa hivyo leo nimemfungia Zuhura.

Zuhura wa Mashimoni, kule Kibera. Ligi nzima hakuna anayemshinda. Kwa wiki tatu Kevo, kapteni wa timu pinzani, amekuwa akimwambia kwenye maiki ya game arudi jikoni, na mengine ambayo siwezi kuandika hapa. Zuhura alinilalamikia. Nikamwambia, "Nyamaza tu, leta ushahidi."

Leo amechoka, akamrudishia tusi. Moja tu. Kumbe Kevo alikuwa anarekodi. Dakika tano baadaye ile sauti ilikuwa kwa simu yangu, na kundi zima la ligi kwenye WhatsApp linauliza, "Admin, sheria ni ya nani?"

Nikampigia Zuhura. Hata hakupandisha sauti.

"Wewe ulikuwa kwa hizo mechi zote. Ulikuwa unasikia ama hukuwa unasikia?"

Nikasema sina rekodi.

"Sijakuuliza mambo ya rekodi." Akakata simu.

Nilikuwa nasikia. Kila neno. Lakini niliogopa timu ya Kevo itajitoa, ligi ivunjike, na waseme natetea msichana mwenzangu. Basi nikabonyeza jina lake, nikamtoa.

Sasa hivi Kevo amenitumia ujumbe: "Asante, admin. Wewe dada ndio unajua haki."