Kichwa cha Bolti Kilibaki Mkononi Mwangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada. Mimi ni Dafrosa wa Kabungu, mume wangu Amedeus ni fundi wa kuchomelea, na ndiye aliyejenga daraja la chuma la waenda kwa miguu kwenye mto wetu, sasa Jumapili natoka kanisani nikashika nguzo ya daraja nikwangue tope kwenye kiatu, kichwa cha bolti kikang'oka kikabaki mkononi mwangu, chekundu kwa kutu, kinapukutika kama biskuti, nikaduwaa pale huku akina mama wanapita na watoto mgongoni wananisalimia. Nilipomwonyesha Amedeus alisema, "Nilinunua mpya, zilikuwa zinang'aa." Nikamwambia tulifunge daraja, akajibu, "Ukisema, nani atanipa kazi tena Mpanda nzima?" Ni mume mwema, hajawahi hata kunifokea, ila kila nikisikia vishindo vya watu wakivuka natoka mbio kuchungulia. Nimtii au nikaseme?

Dafrosa, pole mdogo wangu. Barua yako imenishtua mpaka nikasimama. Lakini unakaa kuniandikia mimi wakati watu wanavuka? Nilikupigia kwa namba uliyoiandika kabla ya kujibu hapa, akapokea Amedeus. Nikamuuliza, "Leo atavuka nani?" Akasema, "Mama yangu. Yuko sokoni, ng'ambo ya mto." Nikasikia simu inaanguka na miguu inakimbia.

Jioni ulinijulisha kwamba alimvusha mama yake kwa kumbeba, maji yakiwa kiunoni, kisha akaziba daraja kwa miiba pande zote mbili. Amefanya vyema. Sasa nisikilizeni nyie wawili.

Bolti zile za kung'aa zimepakwa zinki, madini ya kuzuia kutu, nyembamba mno, ni za kitanda na kabati. Daraja linaloloa linataka zile za kijivu, zilizochovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa. Zinki yake ni nene, kwa hiyo mzinunue pamoja na nati zake zenye tundu pana kidogo. Nati ya kawaida itagoma kuingia, na Amedeus akipiga tupa nyuzi za bolti ili iingie, atakuwa ameikwangua kinga yenyewe.

Kabla ya kufunga hata moja, aende kwa mwenyekiti wa kijiji aseme mwenyewe, na mhandisi wa halmashauri aitwe akague chuma chote. Wewe fuatana naye, usimsemee, simama tu karibu. Na miiba isiondolewe mpaka bolti ya mwisho ikazwe, hata akija mkubwa gani na haraka zake.