Mikono Yako Mbele ya Kompyuta

Mwalimu Kamau,

Nimechoka. Tangu tukuzike kule Moi's Bridge mvua haijakatika, na vipindi vyako vyote vya kemia nimeachiwa mimi, msaidizi wako. Bado naangalia mlangoni nikidhani utaingia na lile koti lililojaa vumbi la chaki.

Juma lililopita mkuu wa chuo aliniita. Akasema kama hakuna wa kufundishia ile kompyuta, itapelekwa kwa mhasibu. Kompyuta yetu moja, Mwalimu! Nikajibu nitafundisha mimi, halafu nikaenda maabara nikalia.

Unakumbuka tulivyokuwa? Wewe mbele, chini ya picha ya Rais, umeinua mikono. Mimi nyuma ya darasa, nabonyeza vitufe. Ukigeuza kiganja, molekuli ya maji inazunguka kwenye kioo. Ukitanua mikono, inakua. Wanafunzi wapya waliapa kwamba mashine inakuona. Nawe hukuwakatalia: "Hii ni kama ng'ombe, inajua mkono wa mwenyewe." Mimi nilijivuna kimoyomoyo, maana nilijua kazi yote ya kufuata mikono yako ni yangu.

Jana nilisimama mahali pako. Chebet wa mwaka wa pili akakaa kwenye vitufe. Nikageuza kiganja, picha ikabaki pale pale, kisha ikaenda upande mwingine. Darasa likacheka. Mkuu alikuwa mlangoni, mikono mfukoni. Nikageuza tena, haraka zaidi, kwa hasira. Maskini Chebet alitokwa jasho na hakunifikia.

Basi nikapunguza mwendo. Nikainua mkono pole pole, nikauacha hewani mpaka nikasikia kitufe kimelia, ndipo nikaendelea. Picha ikatii. Na ule mkono uliosimama hewani niliutambua, Mwalimu. Ulikuwa wako. Ule utaratibu wako wote, ambao mimi niliuita madaha, kumbe ulikuwa unaningoja. Miaka yote hiyo, na hukusema hata siku moja.

Niliuacha mkono hewani kupita ilivyohitajika. Wanafunzi walidhani ni sehemu ya somo.

Kompyuta imebaki. Mkuu alisema tu, "Sawa, endelea." Mhasibu ameninunia.

Pumzika, Mwalimu wangu. Umetuachia pengo, na siku nyingine sioni hata nguvu ya kuamka. Lakini Alhamisi tuna kipindi cha molekuli ya sukari, na vitufe ni vya Chebet. Nakuahidi nitamngoja. Na sitamwambia.

Wako,
Halima