Mjomba, Njoo Jumamosi

Mawtyrsha,
Jumatatu.

Kwako Mjomba Kynsai,

Pokea salamu zangu na za wote waliomo katika nyumba hii ulimozaliwa. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Shillong, kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kimetulia, na kwamba mke wako sasa anapanda ngazi za soko bila kulishika goti. Sisi huku miili haijambo. Mtoto ameota meno mawili na anamng'ata kila anayempenda. Viazi vya shamba la chini vimeoza kwa sababu mvua imezidi, ila vya juu vimenusurika. Hizo ndizo habari njema, Mjomba, na zimeishia hapo.

Ulinifundisha kwamba mtu mwenye hasira asishike kalamu. Nimesubiri tangu Ijumaa. Hasira haijaondoka, imepata adabu kidogo tu, na sijui itakaa nayo mpaka mwisho wa barua.

Ijumaa nilipokupigia simu uliniambia nivumilie. Ulisema hofu ya watu hupoa yenyewe, kwamba si vizuri kanisa letu kujiingiza katika ushirikina wa wanakijiji, na kwamba utakuja Jumapili, siku ya kumbukumbu ya kanisa, kutuhubiria juu ya kuishi bila woga. Nilipokuomba uje Jumamosi ukasema mtandao ni mbaya, hunisikii. Mtandao ulikuwa mzuri, Mjomba. Nilikuwa nakusikia ukipumua.

Kwa hiyo nakuandikia yote tangu mwanzo, maana karatasi haikatiki katikati.

Kong Phidalia unamjua tangu akiwa msichana. Unajua pia kwamba ni mjane asiye na mtoto, kwamba kaka zake wote wametangulia, na mjomba wake tulimzika mwaka ule wa maporomoko. Yeye ndiye aliyeuchukua ule mteremko wa mawe ambao hata mbuzi waliukimbia, akaupanda nyasi za mafagio huku watu wakimcheka. Sasa malori yanakuja kupakia mafagio yake, naye amejenga nyumba ya saruji yenye bati la kijani. Kicheko kiliisha siku bati lilipopanda. Tangu hapo watu walianza kumwangalia kwa namna nyingine, na mimi nilidhani ni wivu wa kawaida tu, ule unaotufanya tusalimiane kwa sauti kubwa kupita kiasi.

Mwezi wa saba, tulipokuwa tunatoka ibadani, aliona uzi unaning'inia kwenye shali ya Daphi, binti wa Trolina. Akainama, akaukata kwa meno kama ambavyo mama yeyote angefanya, kisha akautia mfukoni asichafue sakafu ya kanisa. Nilikuwa nyuma yao na niliona kwa macho yangu. Wiki iliyofuata Daphi akashikwa na homa ya matumbo. Trolina akaanza kupita nyumba kwa nyumba, hata kabla hajampeleka mtoto hospitali, akisema, "Aliukata kwa meno. Akautia mfukoni. Haya, niambieni, uzi wa mtoto wangu alikuwa anampelekea nani?"

Sina haja ya kukueleza walisema anampelekea nani. Walisema anampelekea Thlen, lile joka la kufugwa ndani ya nyumba ambalo humpa mwenyewe mali, naye hulilipa kwa damu ya watu. Na kila anayewindwa huanza kukatwa nywele au kipande cha nguo. Wewe ndiye uliyetuambia tulipokuwa wadogo, umekaa hapa hapa karibu na moto, kwamba hizo ni hadithi walizotunga wavivu ili wapate sababu ya kuwachukia wanaojituma. Nilikuamini, na nakuamini hata leo.

Daphi alipona kwa dawa za hospitali. Nilishukuru Mungu, nikadhani mambo yamekwisha. Kumbe walikuwa na jibu tayari: joka limemwachia mtoto kwa sababu mfugaji ameshtukiwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtu akishaamua kuogopa, hata mgonjwa kupona kwake ni ushahidi.

Sasa sikiliza habari za sisi tusioamini ushirikina. Kong Phidalia akikukaribisha nyumbani kwake anakukatia popoo, anapaka chokaa kwenye jani la tambuu, anakupa kwa mikono miwili, kama tunavyofanya sote hata kwa mgeni tusiyempenda. Siku hizi kila anayepewa anashika shavu. "Samahani Kong, dada yangu, meno yananisumbua." Mwaka huu kijiji kizima kinaumwa meno, na wanaoumwa zaidi ni watu wa kanisa letu. Jumapili tunasimama tunaimba kwamba Mungu ni mmoja, Baba na Mama yetu sote, kwamba hakuna shetani wala moto wa milele, na kwenye benchi la tatu upande wa kina mama kuna mtu mmoja peke yake. Kong Ibanri, anayewafundisha watoto wetu Jumapili kwamba akili ni zawadi ya Mungu, nilimuuliza mbona amehama benchi. Akaniambia, "Mimi siamini, mwenzangu. Lakini nina watoto." Nilitamani kumzaba kofi mbele ya madhabahu.

Watu wengine wa kijiji siwalaumu sana. Wameogopa maisha yao yote na hawajawahi kudai vingine. Sisi ndio tuliojipa jina la watu wa akili na dhamiri, tukaliandika mpaka ukutani. Kutoamini joka si kazi, Mjomba. Hata jiwe haliamini joka. Kazi ni kukaa karibu na yule ambaye wenzako wanaamini analo, na kazi hiyo naona hatukuwahi kujifunza. Tulijifunza kuwacheka tu wanaoogopa.

Mwezi huu mambo yamezidi. Walianza kwa kumpaka kinyesi cha ng'ombe mlangoni, kisha wakachoma nyasi zake karibu nusu ya mteremko. Alipokwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kulalamika, mwenyekiti alimsikiliza akiwa amesimama nje, hakumkaribisha ndani. Kisha akaitisha baraza. Ni Jumamosi hii, na neno la kuamuliwa ni moja tu: Kong Phidalia aondoke Mawtyrsha, aache nyumba, aache shamba. Unakumbuka familia ile iliyofukuzwa kijiji cha ng'ambo ya mto. Hawakufika hata barabarani wote wakiwa hai.

Na barazani, kama unavyojua, mwanamke haingii. Mimi ni binti kitinda mimba wa mama yangu, kwa mila yetu nyumba hii ni yangu, moto wake ni wangu, wazee wa ukoo nitawatunza mimi mpaka niwazike. Lakini ulimi wa nyumba hii barazani ni wako. Phidalia hana kaka wala mjomba. Wanaume watakaa, watamjadili mpaka wachoke, na hakuna hata mmoja atakayewajibika kusema kwa niaba yake. Mume wangu Edmon alijitolea. Wakamwambia, "Mkwe, wewe ulikuja hapa kuoa. Umeoa. Kaa unywe chai."

Ndiyo maana Jumatano nilikwenda nikamchukua. Nilibeba godoro, yeye akabeba kuku wake wawili, tukapita katikati ya kijiji mchana kweupe, na milango ikawa inafungwa mmoja baada ya mwingine mbele yetu. Sasa anaishi chini ya paa letu. Nilifanya hivyo kwa sababu ana hofu, hilo ni kweli, lakini pia kwa hesabu zangu: aliye ndani ya nyumba hii ni wa nyumba hii, na nyumba hii ina mjomba. Jana mtu alirusha jiwe likapiga bati juu ya kitanda cha mtoto. Naogopa, sitakudanganya. Nikichota maji mgongo wangu wote unasikiliza.

Kisha nikaona haitoshi uje kusema tu kwamba ni uongo. Nilitaka nikukabidhi jina la aliyeanzisha, ili Jumamosi umsimamishe mbele ya watu na kumuuliza joka alilionea wapi. Alhamisi nikavaa viatu nikaanza kuulizia.

Trolina nilimkuta anapepeta mchele. Mwanzoni alinifukuza. Nikamuuliza taratibu: kabla ya ule uzi, nani aliwahi kukuambia kwamba Phidalia anafuga? Maana uzi peke yake ni uzi. Akafikiri, akasema alisikia kwa Kong Ibanri, wakati wa kupalilia, na kwamba ndiyo sababu alipoona meno ya Phidalia kwenye shali ya mwanawe damu ilimwishia mwilini. Kong Ibanri alikana, akalia, kisha akasema alisikia kwa Bah Skhem, mzee wetu wa kanisa, na kwa kuwa mzee wa kanisa si mtu wa kusema ovyo, aliona lazima kuna kitu.

Bah Skhem alinikaribisha vizuri. Nilipomuuliza alicheka, kisha akaona mimi sicheki. Akasema yeye hana kosa, alikuwa anasimulia mzaha tu, na mzaha wenyewe si wake. "Nilisikia kwenu," akaniambia. "Siku ya jina la mwanao. Tulikuwa mezani kwako."

Siku ile, Mjomba, mlikuwa mnakula wali wa damu ya nguruwe, nami nilikuwa jikoni naongeza wa pili. Bah Skhem anasema ulikuwa umekaa mahali pako, dirishani, ukaliona lile bati la kijani linang'aa ng'ambo. Ukaacha kula, ukasema, "Mafagio hayo? Mafagio hayajengi nyumba kama ile. Yule mama ana joka chini ya kitanda." Meza nzima ikacheka. Nakumbuka kile kicheko. Nilikisikia nikiwa na mwiko mkononi, nikafurahi kwamba wageni wangu wameshiba na wanafurahi.

Nilitoka kwa Bah Skhem nikakaa kwenye ukuta wa makaburi. Najua hukuamini ulichokisema. Ndiyo sababu kilikutoka kirahisi. Angesema Trolina, watu wangesema ni maneno ya Trolina. Lakini ulisema wewe, mtu asiyeamini majoka, na wakajiuliza: ikiwa hata Bah Kynsai anasema, basi kumbe. Ulitania kwa kitu ambacho wenzako wanaua nacho mtu, kisha ukarudi Shillong kulala. Na Ijumaa, nilipokuomba uje Jumamosi nikakuuliza pia kama unafahamu maneno haya yalitoka wapi, ndipo mtandao ulipoharibika.

Sasa nakuomba, na ni mara ya kwanza nakuomba nikiwa nimekasirika, kwa hiyo unisamehe lugha. Hatuhitaji mahubiri Jumapili. Ukija Jumapili utamkuta amekwisha fukuzwa, au zaidi ya hapo, na utasimama kutuambia tuishi bila woga. Njoo Jumamosi. Ingia barazani, mahali ambapo mimi siruhusiwi hata kuchungulia, uwaambie wanaume wenzako: lile joka nililitunga mimi, mezani kwa mpwa wangu, kwa ajili ya kuchekesha watu. Watakucheka. Watasema mzee amezeeka. Pengine hawatakuita tena kuhubiri. Hayo yote unaweza kuishi nayo, Mjomba. Yeye hawezi.

Usiponijibu, nitasimama kwenye lango la baraza nipige kelele mpaka wanitoe, na nitataja jina lako. Sitaki kulitaja. Ndilo jina nililompa mwanangu.

Salamu kwa wote wa huko. Edmon ndiye anayekuletea barua hii, na nimemwambia asiondoke mlangoni kwako mpaka umalize kuisoma. Mke wako mwambie viazi vya juu nitamtumia vikikauka udongo. Kong Phidalia naye anakusalimu sana. Yuko hapa karibu yangu anamwogesha mtoto, na aliponiona naandika aliniomba nikubembeleze umsemee Jumamosi, kwa sababu anasema katika watu wote anaowajua, ni wewe peke yako ambaye hujawahi kumwogopa. Kumwambia joka lilianzia wapi nimekuachia wewe.

Mimi mpwa wako,
Ridalin