Maji Meupe ya Muhogo

Jijini Belize, 4 Novemba 1988

Mpendwa Mama,

Salamu nyingi kutoka huku mjini. Mimi mzima, ila mvua imetukalia kichwani wiki nzima. Magoti yako yanaendeleaje? Na dada Felicita amejifungua, au bado anatusubirisha?

Mama, nina ombi, na usinicheke. Tarehe kumi na tisa, Sikukuu ya Kufika, makumbusho yetu yatafungua milango bure kwa familia zote. Kila mwaka tunawapa watoto karatasi, wanachora mitumbwi ya wazee wetu ikifika pwani, wanapaka rangi, wanakwenda zao. Mwaka huu nimemwambia mkurugenzi kwamba nataka watoto wa Kikrioli, wa Kimaya, wa Kimestizo, wote wakune muhogo kwa mikono yao na waone ereba, mkate wetu wa muhogo, inavyopikwa. Amekubali, lakini ameniambia wazi kwamba likiharibika jambo, lawama ni yangu. Watoto mia moja na ishirini wameshaandikishwa.

Nitumie magunia matatu ya muhogo, mbao mbili za kukunia, na ruguma ya bibi, lile kapu refu la kukamulia. Tunayo ruguma moja hapa, lakini imo ndani ya kabati la kioo na hairuhusiwi kukamua chochote.

Wasalimie wote.

Mwanao,
Macario

*

Barranco, 14 Novemba 1988

Mwanangu Macario,

Barua yako imenikuta napumua, ashukuriwe Mungu. Magoti yanalalamika kama kawaida, nami siyasikilizi. Felicita kajifungua msichana, na kelele zake zinasikika mpaka kanisani. Wewe unakula? Usiniambie mkate wa dukani.

Kwa hiyo huko mmeifungia ruguma kwenye kioo! Imemkosea nani? Basi, hii ya bibi yako ni nzima na ina nguvu, ina hamu ya kazi. Muhogo nimeung'oa leo asubuhi, ule wa ereba, magunia matatu. Ufukie kwenye mchanga wenye unyevu usije ukaoza. Kondakta wa basi nimemkabidhi kila kitu na nimemwapisha.

Mengine unayajua mwenyewe, wewe ni mtoto wa Barranco. Tafuta tu wanawake wawili wenye mikono imara wakusaidie kukamua.

Nasikia fahari, nikuambie ukweli. Ila usivimbe kichwa.

Mama yako,
Teodora

*

Jijini Belize, 15 Novemba 1988

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na hongera kwa mjukuu! Mzigo umefika salama usiku wa jana, barua hii nampa kondakta yuleyule arudi nayo. Mimi sijambo, usingizi tu ndio umenikimbia kwa furaha.

Nimefukia muhogo kama ulivyosema. Nimepata wasichana wawili wa chuo, wana nguvu, ingawa hawajawahi kushika ruguma. Hapo nami niko sawa nao, maana nyinyi mlikuwa mkinifukuza jikoni.

Halafu nimepata wazo zuri. Unakumbuka lile beseni chini ya ruguma, lenye maji meupe kama maziwa? Nilikuwa nikilitamani sana, na bibi alikuwa akinichapa mkono kila nikilisogelea. Nilidhani ni uchoyo wa watu wazima! Sasa nitalipiza kisasi. Baada ya kukamua, maji yale tutayatia ndimu na sukari, na kila mtoto atapewa kikombe chake. Nimeshaliandika kwenye ratiba, na ratiba imeshachapwa.

Niombee.

Mwanao,
Macario

*

Barranco, 17 Novemba 1988

Macario,

Leo sina salamu. USIWAPE WATOTO MAJI HAYO. Ni sumu. Muhogo niliokutumia ni mchungu, ndio wa ereba, na maji yake yanaua. Yaliua nguruwe wawili wa Mzee Eusebio, yalimuua mtoto wa jirani yetu kabla hujazaliwa. Tunayaweka beseni tuyachemshe saa nyingi mpaka yawe kitoweo, hapo ndipo yanalika. Mabichi, hata tone, hapana. Sukari haiyaondolei sumu. Ndimu haiyaondolei.

Bibi yako hakuwa mchoyo. Alikuwa akikuokoa kila siku.

Barua yako nimeisoma saa tatu hii, nimekimbia mpaka kituo cha polisi kwenye simu. Simu imekufa tangu dhoruba ya Jumapili. Kondakta anaondoka sasa hivi na karatasi hii. Yamwage, mwanangu. Yamwage mbali na kuku wa watu.

Mama

*

Barranco, 19 Novemba 1988, asubuhi

Macario mwanangu,

Barua ya juzi imenirudia mkononi jana jioni. Daraja liko chini ya maji na basi limegeuza. Nimempa Candido, mume wa Felicita, barua ile avuke mto kwa mtumbwi, kisha atembee mpaka barabara kuu aombe lifti. Akipata simu njiani atapiga. Akikosa, atafika kesho. Na sherehe yako ni leo.

Hapa ngoma zimeanza alfajiri. Watu wameshuka pwani kuwapokea wanaoigiza kufika kwa wazee, wamevaa majani ya migomba, wanaimba. Wamenipitia mlangoni: "Teodora, toka ucheze!" Nimewaambia naumwa magoti.

Nimekaa na saa ya ukutani. Saa nne, sasa watoto wanakuna. Saa tano, wanakamua. Nakuandikia ingawa sina wa kumpa barua, kwa sababu nikiiweka kalamu chini nitapiga mayowe.

"Mengine unayajua mwenyewe." Ndivyo nilivyokuandikia.

Saa sita sasa.

Mama

*

Hospitali, Jijini Belize, 22 Novemba 1988

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Niko hai, na watoto wote wako hai. Nimetanguliza hilo ili upumue. Samahani kwa mwandiko, naandika nimelala.

Vikombe vilikuwa vimejazwa, mia moja na ishirini, vimepangwa mezani. Nikasema mwenyeji huonja kwanza, nikainua changu, nikanywa mpaka mwisho, watoto wakapiga makofi. Nilipotaka kuwagawia, diwani akashika kipaza sauti. Alikuwa amepewa dakika tano. Mama, alihutubia nusu saa! Alianza na mitumbwi akafika kwenye mifereji ya maji machafu. Watoto wananung'unika, wazazi wananikodolea macho, mimi namlaani kimoyomoyo. Mara nikasikia kichwa chepesi, kifua kikabana, nikatapika mbele ya watu wote, nikaanguka.

Mwanamke mmoja wa Dangriga akanusa kikombe changu. Akapindua meza nzima, na akanitukana kwa lugha yetu huku nikiwa chini. Naambiwa matusi yalikuwa mazuri sana.

Candido alifika Jumapili, amelowa mpaka kofia. Barua yako nimeisoma nikiwa kitandani. Sina la kujitetea. Watoto mia moja na ishirini, Mama. Nikifumba macho naviona vile vikombe.

Mkurugenzi alikuja jana. Anasema Jumamosi ya tarehe tatu nirudie shughuli na mtu anayejua, au muhogo usiingie tena kwenye jengo lile, turudi kwenye karatasi na rangi, nami nitafute kazi nyingine. Nadhani nitaacha. Mtu asiyeijua sumu ya kwao hafai kumfundisha mtu chochote.

Mwanao,
Macario

*

Barranco, 25 Novemba 1988

Mwanangu Macario,

Pole, pole sana. Nimelia, nimemaliza. Kunywa uji, usinywe kingine. Na huyo diwani, akigombea tena, kijiji kizima tutampigia kura.

Sasa nisikilize. Wanasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nani alikufukuza jikoni? Bibi alikuchapa mkono, lakini mimi ndiye niliyekutoa kwa ufagio. Nilisema muhogo ni kazi ya wanawake, na wewe ni wa kalamu. Nilijisifu kanisani kwamba mikono ya mwanangu hainuki muhogo. Nilikutuma mjini ukiwa hujui hata kilichomo kwenye beseni, kisha nikakuandikia kwamba mengine unayajua. Kosa hilo tugawane, na fungu kubwa ni langu.

Huachi kazi. Daraja limefunguliwa. Barua hii inatangulia na basi la leo, mimi napanda la kesho, na magunia mawili, na magoti yangu. Mwambie mkurugenzi mtu anayejua amepatikana.

Tarehe tatu sitaki kukuona umesimama na kipaza sauti. Utakaa chini, kwenye mkeka, pamoja na watoto, nami nitakufundisha mbele yao kuanzia mwanzo.

Mama yako,
Teodora