Kuosha Mara Tatu

Jumanne, 4 Machi

Zimekufa! Seli za saratani ya titi, sahani nzima, zimekufa fofofo. Nimechungulia darubini mara nne. Mara ya tano nikamwita Miwani aje ashuhudie, asije akasema nimeota. Huyu ndiye mwenzangu wa maabara, mtu wa kukosoa hata salamu. Akatazama, akanyamaza. Raha niliyoipata kwa ule ukimya wake!

Na dawa yenyewe ni nini? Majani ya mpera ulioko uani kwa Dada. Nimeyachemsha, nikachuja, maji yake nikayachanganya na chumvi ya madini ya fedha. Rangi ikageuka kutoka manjano hadi kahawia — maana yake chumvi imekuwa chembe za fedha, ndogo mno hata darubini yetu haizioni. Miaka miwili nahangaika na kitu hiki. Profesa anayenisimamia kaniambia nisimwambie mtu.

Naishi kwa Dada. Nilimwambia kabla sijavua viatu.

Alhamisi, 6 Machi

Dada ana uvimbe titi la kushoto. Upasuaji ni Jumatatu ya tarehe 17. Leo, huku anamenya viazi, kaniuliza kama dawa yangu inaua saratani ya aina yake. Nikasema ni hiyo hiyo. Si uongo, ndizo seli tulizonunua. Kisha nikatia madoido: mti wako mwenyewe, Dada, miaka yote unalala na dawa nyuma ya nyumba! Akacheka mpaka akaweka kisu chini. Sijamwona akicheka hivyo tangu Desemba. Nikajiona mtu mkubwa.

Jumapili, 9 Machi

Dada hataki tena kupasuliwa. Kalisema mezani kama mtu anayekataa kuongezewa chai. Anachemsha majani, anakunywa asubuhi na jioni.

Nikamweleza kwamba kunywa ni kitu kingine kabisa. Kule kwetu ni sahani ya plastiki, hakuna mtu ndani. Akasema basi niletee hiyo ya kwenu. Hapo ndipo nilipaswa kukataa. Nikasema subiri kidogo. Subiri kidogo! Mpumbavu mkubwa mimi.

Jumatano, 12 Machi

Miwani aliuliza swali moja tu: uliosha mara ngapi?

Ukishachanganya, unaweka kwenye sentrifuji, inazungusha mpaka chembe zinazama chini. Unamwaga maji ya juu, unatia maji safi, unazungusha tena. Mara tatu, ili chumvi iliyobaki iondoke. Siku ile watu wa idara ya maji walikuwa wameing'ang'ania mashine tangu asubuhi. Niliosha mara moja. Daftarini nikaandika tatu. Mkono umeshazoea, unaandika tatu wenyewe.

Leo nimeosha tatu za haki. Seli hazikufa. Zimenona! Zimebanana sahani nzima kama wageni waliosikia chakula kiko tayari. Nikajaribu chumvi peke yake, bila jani hata moja. Zote zikafa. Nikajaribu kwa seli nzima zisizo na ugonjwa. Nazo zikafa.

Kwa hiyo si majani, si chembe. Ni chumvi iliyobaki kwa uvivu wangu. Sumu tu. Hata dawa ya kusafishia choo ingefanya kazi ile.

Miwani hakucheka. Afadhali angecheka.

Ijumaa, 14 Machi

Nimempelekea Profesa picha zote. Akazipanga mezani, akachukua zile za tarehe 4, nyingine akanirudishia kwa ncha ya kidole. Mkutano ni mwezi ujao, kasema, na wafadhili watakuwepo. Hayo marudio yatasubiri ripoti nyingine.

Nikamwambia dada yangu anakunywa majani na anataka kukwepa upasuaji. Akauliza, anajisikiaje? Nikasema yeye anadai ana nafuu. Akachukua kalamu. Akaandika!

Namchukia. Na kilichonichoma zaidi ni kwamba alipoandika, kwa sekunde moja, nilifurahi.

Jumatatu, 17 Machi

Hospitali wamepiga mara mbili. Dada kazima simu, kaenda kuchuma majani.

Jumanne, 18 Machi

Nimemwambia yote. Mashine, foleni, moja, tatu. Alisikiliza huku anafuta meza, sehemu ileile, muda mrefu.

— Kwa hiyo ulidanganya.

— Nilikosea, Dada.

— Umeosha moja ukaandika tatu. Nani alikufundisha kuita hiyo kukosea?

Akaacha kufuta.

— Ulidanganya siku ile, au unadanganya leo? Maana siku ile ulikuja unarukaruka. Leo umekuja kama umefiwa. Wamekukataza kutoa siri, si ndiyo?

Nikaapa. Akasema uvimbe umelainika, akanishika mkono, akauweka pale. Mgumu. Umekua, nina hakika umekua. Nikaogopa. Nikasema siwezi kujua, mimi si daktari.

— Ahaa! Leo si daktari. Juzi ulikuwa nani?

Jumamosi, 22 Machi

Nimerudi saa kumi jioni nikakuta wanawake wanne sebuleni. Dada kawatoa kwenye foleni ya kliniki, alikozoea kukaa nao. Kila mmoja ana kikombe. Nyumba nzima inanuka majani. Nilipoingia wakasimama. Wakasimama! Dada akawaambia, bila kunitazama, ndiye huyu mdogo wangu aliyeigundua.

Nilitaka kusema. Mdomo niliufungua. Nikasema karibuni, nikapita moja kwa moja chumbani.

Mmoja kanifuata. Umri wa mama yetu, kitambaa kichwani, amenyoa au zimenyonyoka, sijui. Kabisha hodi, kaomba radhi kwa usumbufu. Kanipa kadi yake ya hospitali kwa mikono miwili. Upasuaji Jumatatu, saa mbili asubuhi. Kauliza: mwanangu, niende, au nianze kwanza na hii?

Nikamwambia ngoja kidogo. Tena! Midomo yangu haina neno jingine. Nikafungua daftari hili ili macho yapate pa kukaa.

Ameketi ukingoni mwa kitanda changu, mikono mapajani. Ananisubiri kwa adabu. Dada amekuja mlangoni na kikombe cha tano, ananitazama mimi tu. Nikisema nenda, Dada atajua niliyomwambia Jumanne yalikuwa kweli, si uoga wa kutoa siri. Pengine hatanisamehe. Pengine atakwenda naye hospitali. Nikisema

Mgeni wangu kanikatisha. Anadhani namwandikia dozi. Anasema niandike kwa herufi kubwa, mwanangu, macho yake siku hizi