Kikombe cha Tatu

Hiroshima, 10 Januari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia, na theluji ya huko Akita haijaangusha paa la ghala. Mimi ni mzima, nakula na kulala vizuri.

Ni miaka mitatu tangu uliponiambia kwamba nafasi yako ataichukua binamu Kenkichi, eti kiwanda chetu hakijawahi kuwa na mpika pombe mkuu mwanamke. Nikafunga mizigo. Leo napika sake, pombe ya mchele, ya watu wa Hiroshima, na wananisikiliza. Tarehe mbili Februari nakuja na kundi la wageni kutembelea kiwanda. Nimekata tiketi kama mtu yeyote. Nakwambia mapema usije ukasema nimekuvizia: nafasi ile bado naitaka, na kazi naiweza.

Mwanao,
Chizuru


Akita, 17 Januari

Mwanangu Chizuru,

Marahaba. Mgongo unauma, paa limesimama. Naona huko Hiroshima wanakuachia muda mwingi wa kuandika barua.

Njoo. Ila kuanzia siku moja kabla, usiguse nato, ile soya iliyochachushwa. Vijidudu vya maharage yale vikiingia kwenye chumba tunamooteshea ukungu kwenye mchele wa pombe, tumekwisha. Mlangoni nitakuuliza kama mgeni mwingine, na ukiwa umekula, utaishia kupiga picha uani. Undugu utauvua pamoja na viatu.

Habari ya Kenkichi imekwisha. Aprili anakabidhiwa nafasi. Usije na maneno, njoo na ulimi.

Baba


Akita, 4 Februari

Chizuru,

U hali gani? Ulifika salama? Mimi usingizi umenikimbia.

Niliwaandalia wageni vikombe vitatu, na kila mara nilikumiminia wewe kwanza. Cha kwanza ulikunywa. Cha pili ulikunywa ukatabasamu, nilikuona. Cha tatu kilikuwa cha tangi la Kenkichi, ambalo nilikuwa nimelisifia mbele ya wote kwamba linanukia peasi bivu. Hicho ukakitema kwenye ndoo. Kisha ukachukua chupa mezani ukawaambia, "Jamani, hii mzee ameniwekea kwa ajili ya harusi yangu, msinimalizie!" Wakacheka, ukaondoka nayo.

Harusi gani? Kenkichi amenuna, hataki hata kunitazama. Mimi nakuuliza: kulikuwa na nini kwenye kikombe kile? Usinionee huruma.

Baba


Hiroshima, 8 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Nilifika salama, lakini moyo niliuacha huko.

Pombe ile imechacha. Inanuka siagi iliyooza, hata mwanafunzi wa wiki moja angeijua. Nilijiuliza umewezaje kuisifia. Ndipo nikakumbuka chumba cha wageni: mochi, vile vikeki vya mchele, zilikuwa zinaungua juu ya jiko, moshi umetanda, na wewe uko hatua mbili tu, umeligeuzia jiko mgongo, unasimulia kwa raha zako. Mgeni ndiye aliyezigeuza. Baba, hunusi. Tangu lini?

Niliondoa chupa kwa sababu jina lililoandikwa juu yake ni lako. Tangi lile lifungwe leo, na mabomba yote yachemshwe kabla hayajaambukiza tangi la saba, ambalo bado halijaiva. Nakupenda, ndiyo maana sikufichi.

Mwanao,
Chizuru


Hiroshima, 26 Februari

Baba,

Shikamoo. Siku kumi na nane zimepita. Nimepiga simu posta kuuliza kama theluji imezuia barua. Wamesema zinafika. Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi, hata mstari mmoja. Afya yako tu nijue.

Chizuru


Akita, 3 Machi

Mwanangu Chizuru,

Marahaba. Ni mzima. Sikukasirika, niliona haya.

Tangu homa ya Novemba sinusi kitu. Hata ubani ninaomchomea marehemu mama yako siusikii. Nikawa napika kwa mazoea na kusifia kwa mazoea. Nilipopata barua yako nilimwita Kenkichi.

"Ulijua kwamba imechacha?"

"Nilijua, Baba Mkubwa."

"Mbona ukanyamaza?"

"Sasa ningesemaje? Wewe umeshasema ni nzuri!"

Ni mchapakazi yule, sina ubaya naye. Lakini ananiogopa. Kiwanda kizima kinaniogopa, na niliyekilea hivyo ni mimi. Nimekaa wiki tatu nikilimeza hilo.

Tangi la saba limesalimika. Litaiva kabla mwezi haujafika nusu. Siku ya kukamua pombe, unajua mwenyewe, hakuna kipimo kinachoitaja, ni pua tu. Likipitiliza siku moja, mimi sitajua. Jana niliwakusanya wafanyakazi wote nikawaambia hakuna kugusa tangi lile mpaka mpika pombe mkuu atoe amri. Wakanitazama. Mmoja akauliza, "Si ndiyo wewe, mzee?"

Nikamjibu, "Mimi? Hapana. Yuko Hiroshima, namwandikia aje."

Baba yako