Wateja wa kinyozi wanamfunga binti yangu kwa jina langu

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi mambo vipi, naomba unisaidie maana mchana kutwa nacheka na watu lakini ndani nimeoza kama nyanya ya chini ya tenga. Shule niliishia darasa la tano, mwalimu alisema mdomo wangu umeshamaliza madarasa yaliyobaki, kwa hiyo ukikuta barua haina nukta ujue nazo nimeziuza.

Mimi nina kibanda, napiga picha za pasipoti, nabadilisha vioo vya simu, nauza makava, ukija na shida yoyote huondoki bila kununua kitu. Mama mtoto wangu tuliachana miaka minne iliyopita, anaishi mji mwingine, basi linachukua saa saba, na binti yetu wa miaka kumi na moja yuko kwake. Sasa huyu binti kwenye simu haongei kabisa, ni hujambo sijambo, shule nzuri, haya ongea na mama. Lakini mjomba wake alimnunulia mashine ya gemu, ile ya kuchomeka kwenye tivii, na mimi nilikuwa nayo kama hiyohiyo, basi kila Jumamosi saa nne asubuhi tunakutana kwenye gemu ya mpira kupitia mtandao, kila mtu na maiki yake, yeye ananiita Kocha mimi namwita Kepteni, na humo ndani mtoto anafunguka kama bomba, jino limeng'oka, mwalimu wa hesabu ana sauti ya mbuzi, yote naambiwa, na siku moja katikati ya kona akaniambia, "Kocha, sura yako siku nyingine naisahau, lakini sauti siisahau." Nikaachia pedi ya kuchezea, nikafungwa bao.

Na kwa kuwa ananijua baba yake hata kitanda niliwahi kuuza, akaniapisha: "Usije ukaiuza hii mashine." Nikaapa.

Jirani yangu kibandani ni fundi kompyuta, tunamwita Profesa, akanianza. "Wewe unang'ang'ania hilo sanduku la kuchezea tu la nini? Chukua kompyuta, unachapa barua za watu, unaprinti picha, na gemu unacheza, tena picha kali kuliko hiyo." Nikamuuliza, gemu ya mpira imo? "Imo, ileile." Mimi nikasikia ileile nikajua na mwanangu yumo kwenye ileile. Mashine nikamuuzia kinyozi wa mtaa wa pili, anataka wateja wachezee wakisubiri zamu, nikachukua kompyuta.

Jumamosi ikafika nikakaa kwenye kompyuta, mpira uleule, wachezaji walewale, Kepteni simuoni. Nikamwita Profesa akaja anatafuna mswaki, "Aah, wa kompyuta wanakutana na wa kompyuta, wa mashine na wa mashine. Mbona hukuniuliza?" Nilitaka kummeza na mswaki wake.

Nikajisemea atajua Kocha leo hayupo basi. Mchana mtoto akapiga mwenyewe, kitu ambacho hajawahi, kasauti kadogo: "Kocha, leo mbona hukuongea? Umenifunga tisa halafu ukatoka." Mshauri, hapo ndipo nikaelewa. Nilipouza ile mashine sikutoa akaunti yangu, sikujua kama inatolewa, jina langu limo mlemle, kwa hiyo mtu akiishika kule kwa kinyozi, mwanangu huko kwao anaona Kocha kaingia. Na badala ya kumwambia ukweli nikamwambia, "Maiki imeharibika, Kepteni, na leo nilikuwa nakukomaza." Akasema sawa.

Jumamosi iliyofuata nikaenda kwa kinyozi nitoe jina langu. Nakuta saluni imejaa, jamaa mmoja kavaa shuka la kunyolea, kichwa upande umenyolewa upande bado, kashika pedi, na kwenye tivii timu ya pili ni ya mwanangu, naijua, jezi tulichagua wote. Ni saba bila.

"Huyu nani?" nikauliza kama mjinga.

Kinyozi akasema, "Katoto fulani, kanajileta kenyewe, hii Jumamosi ya pili. Tunapokezana kukapiga."

"Kama hakana baba vile," akadakia yule wa nusu kichwa, na saluni nzima ikacheka.

Na mimi nikacheka nao. Mshauri, nimekuandikia barua yote hii ili niseme hapo tu, nilicheka nao. Niliona aibu kusema huyo ni wangu baada ya kale kaneno, nikatania mawili matatu, nikaondoka, na jina sikulitoa.

Jioni yake mama yake akapiga, hata salamu hakutoa. "Umemwandikia nini mtoto?" Kumbe wale watu baada ya mechi wameandika ujumbe kwa jina langu: wewe mtoto unatuchosha, katafute wa saizi yako, usirudi hapa. Ulimi wangu huu ukasema, "Si nilikuwa namtania tu." Akakata simu.

Sasa ni wiki ya tatu. Mtoto kanifuta kwenye marafiki zake wa gemu. Nikipiga anasikika nyuma akisema mwambieni sitaki. Nikisema ukweli nitaonekana muongo mara mbili na mashine nimeuza, nikinyamaza ndiyo mimi niliyemwandikia yale. Kibandani watu wanasema leo umechangamka, kumbe hata kula nakula kwa kujilazimisha. Nifanyeje? Ninunue tena mashine? Au nimwache akue atanisahau vizuri?

Ni mimi, Kocha asiye na timu.

JIBU

Kocha, barua yako imenichekesha mara tatu, kisha nikajichukia kwa kucheka. Nadhani hata mwanao anakuona hivyo, mtu wa kuchekesha.

Pole. Naongea kwa dhati, maana baba anayejua mwalimu wa hesabu ana sauti ya nani si baba wa kutupwa. Lakini sikubembelezi. Kosa la kompyuta na mashine kutokukutana si lako, wengi hawajui. Kuacha akaunti ndani ya kitu ulichouza ni uzembe, nao unasameheka. Yaliyobaki ulichagua mwenyewe. Pale saluni ulikuwa hatua mbili kutoka kwenye ile pedi. Ulipaswa kusema, "Lete hapa, huyo ni mwanangu," na kumuomba yule wa nusu kichwa akupe nafasi. Ukaogopa kuchekwa na watu ambao hata majina yao huyajui.

Halafu ukamwambia mama yake ulikuwa unatania. Umelichukua tusi la mtu mwingine ukaliweka mdomoni mwako. Mtoto aliyekwambia anakumbuka sauti yako, sasa anakumbuka hilo.

Usinunue mashine. Wewe ukiumia unakimbilia kununua au kuuza, na safari hii hakuna biashara.

Leo hii, ukimaliza kusoma, nenda kwa kinyozi. Mwambie wale waliokuwa wanampiga katoto walikuwa wanampiga binti yako, na umwambie mbele ya wateja. Akaunti itolewe ukiwa umesimama hapo, na paswedi ubadilishe. Profesa akusaidie, unamdai msaada huo.

Kisha mpigie mama yake, si mtoto. Mweleze yote, pamoja na kicheko chako. Atakutukana. Sikiliza mpaka amalize, halafu omba ruhusa ya kwenda. Akikataa, omba tena wiki ijayo, kwa adabu. Akikubali, funga kibanda upande basi, hizo saa saba ni chache. Mwanao anasahau sura yako kwa sababu huendi. Gemu ilikusaidia kuongea naye, na ikakusaidia pia kutokwenda.

Ukifika, usianze na "si mimi niliyeandika". Ni kweli, lakini ukianza nayo unajisafisha kwanza. Anza hivi: "Mashine niliiuza, na nikakudanganya." Kisha mwambie ni nani waliokuwa wanacheza, na kwamba uliwaona ukanyamaza. Hilo la mwisho litamuumiza kuliko yote. Liseme, maana siku akilisikia kwa mwingine hutampata tena.

Siwezi kukuahidi kwamba atakusamehe. Ana miaka kumi na moja na ana haki ya kukasirika mpaka achoke. Anaweza kuingia chumbani akafunga mlango, ukarudi na basi la jioni bila neno lake hata moja. Jumamosi inayofuata, panda tena.

Na akilia mbele yako, Kocha, nakuomba usimchekeshe.